Somo la Wanafunzi Kumi na Mmoja

Kwenye ratiba kubwa iliyobandikwa ukutani mwa ofisi ya walimu, masomo yote yaliandikwa kwa wino isipokuwa falsafa. Falsafa iliandikwa kwa penseli. Mwalimu wa taaluma alidai ni kwa sababu somo hilo ni la hiari na vipindi vyake huhamahama, lakini muziki nao ulikuwa wa hiari, na uliandikwa kwa wino mwekundu, tena kwa mwandiko wa madaha. Mtu aliyelifundisha somo la penseli aliiona dharau hiyo kila asubuhi alipokwenda kusaini daftari la mahudhurio, na kila asubuhi aliimeza. Miaka ishirini na mitatu si mchezo. Ukimeza kitu kila siku kwa muda wote huo, tumbo huzoea, ila haliridhiki.

Wanafunzi walimwita Hebu, kwa kuwa hakuna sentensi aliyoianza bila neno hilo. "Hebu tuone." "Hebu rudia, taratibu." "Hebu niambie mimi nisiyejua." Jina lilianza kama dhihaka ya kidato cha nne kimoja cha zamani, likashika, walimu wenzake wakalichukua, na mwishowe mkewe naye, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akawa analitumia akitaka kumchokoza. Alikuwa akiwasimulia wateja wake kwamba ukimwomba mume wake akupitishie chumvi, kwanza atakuuliza kama unaihitaji au unaitaka tu.

Falsafa hakuichagua. Alikuwa mwalimu kijana wa historia, mwenye suruali mbili na viatu jozi moja, ilipofika barua iliyotaka kila shule itoe mtu wa kwenda kozi ya miezi sita ili somo jipya lianzishwe. Wenzake wakatafuta visingizio. Huyu mgongo, yule mkewe anakaribia kujifungua, na mwingine alisema tu kwamba hataki, na alivyokuwa na mwili, hakuna aliyemsogelea. Hebu hakuwa na mgongo mbaya wala mke. Akapelekwa.

Alirudi mtu mwingine. Kule alikuwa ameketi na watu wazima wakabishana siku tatu mfululizo kama ahadi uliyompa mtu aliyekwisha kufa bado ni ahadi, na hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyeambiwa anyamaze kwa kuwa ni mdogo. Yeye alikuwa kitindamimba katika nyumba ya watoto tisa. Tangu apate akili neno alilolisikia zaidi ni "nyamaza". Siku ya tatu ya ubishi ule alitoka nje, akaenda nyuma ya jengo, akalia kwa furaha kama mtoto, na hakuona aibu.

Shule ikampa chumba cha mwisho, kando ya stoo ya viti vilivyovunjika. Hakikuwa na madawati. Kilikuwa na mabenchi mawili marefu yaliyoachwa na kwaya baada ya kwaya kununuliwa viti. Hebu akayapanga yatazamane, na kutokana na ufukara huo ukazaliwa utaratibu ambao wanafunzi wake waliukumbuka hata baada ya kusahau kila kitu kingine. Kila kipindi aliandika swali moja ubaoni. Anayesema ndiyo akae benchi la dirishani, anayesema hapana akae la mlangoni. Mnazungumza kwa zamu. Ukisikia hoja iliyokuzidi nguvu, unasimama, unavuka, unaenda kukaa upande wa pili. Huchekwi wala huzomewi, ila kabla hujakaa lazima uitaje hoja iliyokuhamisha, na uitaje vizuri kiasi kwamba aliyeisema akubali kuwa ndivyo alivyomaanisha. Kitendo hicho walikiita kuhama benchi.

Mwaka wa kwanza walikuwa arobaini na mmoja, wakikaa hadi sakafuni. Baadaye ikawa thelathini, ikawa ishirini na watano. Vyuo havikuwa na kisanduku cha falsafa kwenye fomu zao, na wazazi wanajua kusoma fomu. Kuna fundi bomba mmoja aliyekuja ofisini na mabomba yake begani, akasimama mlangoni na kutangaza mbele ya walimu wote, "Nimemwambia mtoto akaoge. Ananiuliza najuaje kwamba yeye ni mchafu! Mwalimu, mimi nilileta mtoto shule, sikuleta hakimu!" Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Hebu naye alicheka, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Fundi bomba hakucheka. Alimhamishia mtoto wake kwenye kilimo siku hiyohiyo.

Mwaka huu ninaousimulia walikuwa wamebaki kumi na mmoja.

Kati ya hao kumi na mmoja kulikuwa na binti wa miaka kumi na sita ambaye wenzake walimwita Shangazi. Alizungumza kama mtu aliyekwisha kuozesha mabinti watatu. Alikuwa akiweka mkono kiunoni, anakohoa kidogo, kisha anasema, "Jamani, hapa tunadanganyana." Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuhama benchi kama yeye. Kuna siku alivuka mara nne katika kipindi kimoja, na kila alipovuka alieleza sababu kwa unyoofu uliomfanya Hebu ageuke ajifanye anafuta ubao. Alimpenda mtoto yule. Tuseme ukweli. Alikuwa na wanawe wawili wa kiume, mmoja dereva wa lori, mwingine akisomea upimaji ardhi, wote watu wazima, wote wema, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubishana naye kwa dakika zaidi ya tano bila kutazama saa. Shangazi alikuwa na muda. Wakati mwingine alimfuata mpaka kwenye ngazi za ofisi akiwa bado na la kusema.

Basi siku moja mkuu wa shule akamwita Hebu. Mkuu alikuwa mama mpole, mwenye desturi ya kutoa habari mbaya baada ya kumkaribisha mtu chai. Walimu walikwisha kumjua. Ukiona kikombe kinatolewa kabatini, jishike.

"Karibu, mwalimu. Sukari?"

"Kijiko kimoja, mama. Hebu niambie chai hii ni ya nini."

Mkuu akacheka kidogo, akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari. "Bodi inakaa Ijumaa ya wiki ijayo. Falsafa imo kwenye ajenda."

"Imo vipi?"

"Kuondolewa." Akaweka kijiko chini. "Mwalimu wa historia anastaafu mwisho wa mwaka. Wewe cheti chako cha historia bado kipo. Ukirudi historia, nafasi yako tunampa mwalimu wa pili wa hesabu. Hesabu zimetushinda, mwalimu. Matokeo umeyaona."

"Na hawa wanafunzi wangu kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja," akasema mkuu, akikisogeza kikombe chake.

Lakini hakuwa katili. Alimweleza kwamba kila upande, wa falsafa na wa hesabu, utapewa nafasi ya kusema, na kila upande unaweza kuleta mwanafunzi mmoja. "Chagua vizuri," akamwambia. "Wale wazee wanapenda kusikia watoto."

Hebu alitoka na kuiacha chai ikipoa. Historia hakuichukia. Lakini mtu aliyefundisha jambo moja kwa miaka ishirini na mitatu halioni tena kama kazi, analiona kama sababu ya kuamka. Wakilifuta somo lile watakuwa wamesema kwamba vile vizazi vyote vya mabenchi vilikuwa upuuzi wa mtu mmoja aliyetumwa kozi kwa kukosa mgongo mbaya.

Akaanza kampeni, yeye ambaye hakuwahi hata kugombea uongozi wa chama cha walimu. Aliwaandikia wanafunzi wake watano wa zamani. Watatu hawakujibu. Mmoja alijibu kwa kumtumia picha ya mtoto wake mchanga. Wa tano alikuwa wakili, tena wa kutajika, aliyezoea kusema kwenye sherehe za watu kwamba uwakili hakujifunzia chuoni, alijifunzia kwenye benchi la Hebu. Huyo alijibu kwa moto: "Nitakuja mwalimu wangu, hata kama ni kwa kutambaa!" Asubuhi ya Ijumaa akatuma ujumbe mwingine. "Nimebanwa na kesi, mwalimu. Tuko pamoja." Hebu aliusoma mara tatu. Tuko pamoja! Pamoja wapi? Mtu yuko peke yake kwenye korido na koti la mwaka wa harusi, unamwambia mko pamoja.

Kwa hiyo tegemeo lake likabaki Shangazi. Rafiki yake pekee pale ofisini, mwalimu wa Kiswahili, alikuwa amekwisha kumvuta pembeni tangu Jumatatu ya wiki hiyo.

"Mtoto umempanga?"

"Kumpanga vipi?"

"Hebu, acha utoto. Umempa cha kusema? Umemwambia aanzie wapi na amalizie wapi?"

"Sijampa kitu. Nikimpa maneno nitakuwa nimewapelekea kasuku."

"Bodi haijali kama ni kasuku au si kasuku. Bodi inataka kusikia wimbo."

"Basi watafute kwaya," akasema Hebu, akijiona amesema jambo kubwa. Mwalimu wa Kiswahili akamtazama kama unavyomtazama mtu anayevuka barabara akisoma gazeti.

Mkewe naye alisema lilelile, kwa maneno makavu zaidi, akiwa na pini mdomoni. "Mpange, baba. Mimi mteja akija na kitambaa simwambii kitambaa kijishone."

Hakumpanga. Jumanne, baada ya kipindi, alimwita Shangazi na kumweleza kila kitu bila kumficha: bodi, historia, mwalimu wa pili wa hesabu. Binti alisikiliza akiuma kucha.

"Sasa unataka niseme nini, mwalimu?"

"Useme unavyoona."

"Na wale wengine wakisema jambo la maana?"

"Utawasikiliza, kama siku zote."

Alipotamka hivyo alijisikia mtu mkubwa, msafi, asiyeweza kununuliwa. Alitembea na hisia hiyo siku tatu nzima, na nisimnyang'anye, kwa kuwa ndizo siku tatu za mwisho alizofurahi katika kazi yake.

Kikao kilifanyika maktaba. Walikuwa wameunganisha meza na kuzitandika kitambaa cha kijani, na chupa za maji zilipangwa mbele ya wajumbe wanane kama askari. Upande wa kushoto wa chumba kuliwekwa viti kwa ajili ya falsafa, upande wa kulia viti kwa ajili ya hesabu. Mwenyekiti wa bodi alikuwa mkandarasi wa majengo, mtu mwenye sauti nene na kalamu aliyoigonga mezani kila alipotaka kukubaliwa.

Ajenda ya pili ilikuwa lango jipya la shule. Hiyo ilikula saa nzima. Je, herufi za jina la shule ziwe za chuma au za kuchongwa kwenye jiwe? Pawe na tao au pasiwe na tao? Mjumbe mmoja alitaka taa mbili, mwenyekiti akataka nne. Lango la zamani lilikuwa linafunguka na kufungwa bila tatizo lolote, lakini hakuna aliyelikumbuka. Walipitisha tao, jiwe na taa nne kwa makofi. Hebu alisikia yote hayo kwa sikio moja. Mikono yake ilikuwa mapajani, akihesabu vidoleni hoja zake saba na kuzirudia.

Alipopewa nafasi alizungumza vibaya. Ni ajabu, mtu anayefundisha watu kuzungumza. Alianzia mbali mno, akaeleza maana ya fikra, akataja historia ya somo, na alipofika hoja ya nne mjumbe mmoja alikuwa anapiga miayo bila hata kuziba mdomo. Hoja tatu za mwisho alizimeza, akakaa.

Kisha akasimama Shangazi, na chumba kikaamka.

"Shikamooni," akasema. "Mimi kabla ya somo hili nilikuwa nikishindwa kwenye mabishano nalia. Ndugu zangu wanajua. Sasa nikishindwa silii, kwa sababu najua nimeshindwa na nini. Kule darasani kila siku unaulizwa. Huwezi kujificha nyuma ya mtu. Unaulizwa, unajibu, unakosea, unaulizwa tena. Mimi nadhani hicho ndicho kilichonifanya niamini kwamba nina akili. Mtu akikuuliza swali na kukusubiri ujibu, amekuheshimu."

Wakapiga makofi, hata mwenyekiti, kwa kalamu. Mjumbe mwenye duka la dawa, mama mmoja wa makamo, alivua miwani akaifuta. Hebu akajivuta hadi ukingoni mwa kiti. Kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe cha chai aliona kwamba inawezekana. Wanaweza kuliacha somo lake.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana mwenye chaki kwenye mikono ya shati, na hakuwa adui wa mtu. Ingekuwa nafuu angekuwa mwovu. "Mimi sina maneno," akasema. "Nina mikondo mitatu, na kila mmoja una wanafunzi sabini na kitu. Nimekuja na mmoja wao." Akakaa.

Aliyesimama alikuwa msichana mwembamba wa mkondo wa tatu. Sweta lake lilikuwa limefumuka kiwikoni, na alizungumza akikitazama kile kitambaa cha kijani.

"Mimi nakaa nyuma, karibu na mlango. Tangu mwaka uanze sijaulizwa swali hata moja la hesabu. Mwalimu si mbaya. Hanifikii tu. Tuko sabini na wawili. Kuna siku natamani aniulize hata kama nitakosa, nijue tu kama nipo." Akakishika kiwiko kile kilichofumuka, watu wakadhani amemaliza. "Huyu dada amesema wao wanaulizwa kila siku. Mimi sikujua kwamba kuna darasa la namna hiyo hapahapa shuleni kwetu."

Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Hata kalamu ya mwenyekiti ilitulia.

Hapo ndipo Shangazi aliposimama. Hakuinua mkono wala kuomba ruhusa. Aliusogeza mkoba wake, akatoka kwenye mstari wa viti vya kushoto, akaanza kuvuka chumba katikati, mbele ya bodi nzima. Wajumbe wakatazamana.

"Binti," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "choo kiko upande ule."

"Siendi chooni. Ninahama," akasema Shangazi. Alifika upande wa kulia, akasimama kando ya yule msichana wa sweta bila kukaa, kwa sababu kanuni ilimtaka aseme kwanza. "Hoja iliyonihamisha ni ya huyu mwenzangu. Mimi nimesema somo letu lina thamani kwa sababu tunaulizwa na kusubiriwa. Kama hicho ndicho chenye thamani, basi si haki tukipate watu kumi na mmoja na hawa wote wakikose. Sikuwa nimelifikiria hilo. Ndiyo hoja yako?"

"Ndiyo," akasema yule msichana kwa sauti ndogo.

Shangazi akakaa.

Katika watu wote mle ndani ni Hebu peke yake aliyejua alichokiona. Wengine waliona mtoto aliyechanganyikiwa. Yeye aliona kazi ya miaka ishirini na mitatu ikifanywa bila kosa hata moja, mbele za watu, bila woga, na ikimkata shingo. Alijivunia. Kisha akamchukia. Yote mawili yalimjia kwa wakati mmoja, na la pili lilikaa zaidi.

"Sasa huyu ni shahidi wa nani?" mwenyekiti akauliza, na bodi ikaangua kicheko cha watu walioondolewa mzigo. "Haya, kazi yetu imekuwa nyepesi. Mwalimu, una la kuongeza?"

Hebu akasimama. Alimwona mwalimu wa Kiswahili aliyekuja kusikiliza akiwa ameegemea rafu ya vitabu, ameshika tama. Akatafuta hoja, na zile saba zote zilikuwa zimemkimbia.

"Sina," akasema.

Mwenyekiti akaitisha kura ya kuiondoa falsafa, mikono saba ikapanda. Mama wa duka la dawa peke yake hakuinua wake, na hakueleza kwa nini.

Ilikuwa saa kumi ya jioni jua likiwa bado kali alipokuwa akitoka shuleni na kukuta njia bado imezibwa na lundo la mchanga na mawe. Ilimbidi apite kando, akikwaruza viatu. Mchanga ulikuwa umemwagwa tangu Jumatano, siku mbili kabla bodi haijakaa kuamua kama kuna lango au hakuna. Akasimama pale na mkoba wake mkononi, na hoja ikamjia, nzima, imevaa na viatu.

Lango! Mbona hawakuulizwa kuhusu lango? Fedha za tao, jiwe na taa nne zingemlipa mwalimu wa pili wa hesabu miaka na miaka, falsafa ibaki, na yule msichana wa nyuma aulizwe maswali mpaka achoke. Walikuwa wamepewa vitu viwili wachague kimoja, falsafa au hesabu, nao wakachagua, na hakuna aliyeuliza kama kuna cha tatu. Mtego huo Hebu aliufundisha kila mwaka, mwezi wa pili, wiki ya tatu. Alikuwa na mifano yake. Alikuwa na mtihani wake. Na alipoletewa wenyewe, mzimamzima, mezani, baada ya kuusikia ukipangwa kwa saa nzima kwa masikio yake mwenyewe, alisema "sina" na kukaa. Alijitukana kwa sauti. Mlinzi aliyekuwa kwenye kiti chake akamjibu "Amina", akidhani mwalimu anasali.

Nyumbani mkewe alikuwa anapindisha marinda ya sare. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Kwa hiyo mtoto uliyempeleka akusemee, kakusema."

"Hakunisema. Alisema sawa. Kwa alichokuwa amekisikia, alisema sawa kabisa."

Cherehani ikasimama. "Basi unanuna nini?"

Alilifikiria swali hilo Jumamosi yote na Jumapili yote, na jibu alilolipata hakulipenda.

Jumatatu asubuhi alikuwa peke yake chumbani mwake akisahihisha madaftari, kwa kuwa somo lilikuwa na wiki nane bado mpaka mwisho wa mwaka, na madaftari hayajui habari za bodi. Shangazi akabisha hodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Alibaki mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. "Umenikasirikia?"

"Hapana."

"Umekasirika. Hujaniambia niingie."

Hebu akaweka kalamu chini. Badala ya kumkaribisha, akamwambia kuhusu lango. Alimpa hoja yote, kwa utaratibu, kama alivyopaswa kuipa bodi. Uso wa binti ulianza kuchangamka akiwa bado anasikiliza, ule uso aliokuwa nao kila alipotaka kuvuka.

"Mwalimu, hiyo ni hoja nzuri sana! Mbona hukuisema Ijumaa? Ningerudi. Haki ya Mungu, ningesimama palepale nikarudi upande wako."

"Hukutakiwa kuondoka," akasema Hebu.

"Lakini ulikuwa hujaisema."

"Hata kama."

Binti akakunja uso, akijaribu kuelewa. "Hata kama niliona wao wana haki?"

"Hata kama. Ulitakiwa ukae."

"Kwa nini?"

Alikuwa na nafasi pale. Angeweza kucheka, angeweza kusema samahani, angeweza kusema mimi ni mtu mzima na nimeumia, usinisikilize leo. Shangazi alikuwa amesimama anamsubiri ajibu, kwa heshima yote.

"Kwa sababu mimi ni mwalimu wako," akasema Hebu.

Aliyasikia maneno yakitoka na hakuyarudisha. Binti alimtazama bila hasira, kama mtu anayelisoma tangazo mara ya pili kuhakikisha ameelewa. "Sawa, mwalimu," akasema. "Nimekuelewa." Akaenda zake, akifunga mlango polepole.

Hakukosa kipindi hata kimoja katika zile wiki nane. Aliwahi, alisimama mwalimu alipoingia, aliandika kila kitu. Bodi ilipompelekea Hebu barua ya kurudi historia, yeye ndiye aliyewaongoza wenzake kumwandikia kadi ya shukrani, na maneno yake yalikuwa mazuri. Alimwuliza mwalimu akae upande gani, akaketi alipoambiwa na alibaki hapo mpaka kengele. Wiki ya mwisho Hebu hakuvumilia tena. Alimgeukia mbele ya darasa na kumwambia jambo la kipumbavu, la makusudi, ambalo mtoto wa darasa la kwanza angelipinga, kisha akasubiri. Shangazi aliinua macho. "Ndiyo, mwalimu," akasema, akainama, akauandika upumbavu ule kwenye daftari lake, kwa mwandiko safi.